Okidi chui imegoma: dalili moja moja na chanzo chake

Jirani mmoja aliniletea okidi yake ikiwa ndani ya sufuria kuukuu iliyojaa udongo mweusi wa shambani, umechanganywa na samadi ya ng'ombe. Mmea ulikuwa umelala upande, mashina laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. "Nimeilisha kila kitu," akaniambia, "mbona inakufa?" Ilikuwa inakufa kwa kulishwa.

Ninayoizungumzia hapa ni okidi chui, Ansellia africana, ile yenye mashina yaliyosimama kama miwa michanga na maua ya manjano yenye madoa ya hudhurungi. Jina la kitaalamu limetokana na John Ansell, mtunza bustani aliyefuatana na msafara wa Waingereza wa Mto Niger mwaka 1841, akaiokota katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo kinaitwa Bioko. Lakini makazi yake ni mapana: inaota kutoka Afrika Magharibi hadi Kenya na Tanzania, kisha inateremka mpaka Afrika Kusini, na inapenda sana pwani na mabonde yenye joto.

Inakaa juu ya miti, kwenye panda za mibuyu, mikoma na migunga. Huko hakuna udongo. Mvua ikinyesha mizizi inalowa chapachapa, na saa chache baadaye upepo umeshaikausha. Kwa hiyo dalili yoyote utakayoiona, swali langu la kwanza huwa lilelile: ingekuwa juu ya mbuyu, jambo hili lingeipata?

Nionye mapema kuhusu ushauri unaotoka nyanda za juu. Okidi za Kitulo, uwanda wa juu kusini mwa Tanzania, zile zilizofanya watu wapaite mahali pale Bustani ya Mungu, nyingi ni za ardhini na zina viazi chini ya udongo. Ndivyo viazi vinavyochimbwa kwa ajili ya chikanda, kile chakula cha Zambia. Ukichukua maelezo ya kutunza hizo ukayahamishia kwa okidi chui, utakuwa umeichimbia kaburi.

Mizizi inaota kwenda juu, imechongoka kama sindano

Nianze na hili kwa sababu ndilo linalowatisha watu wengi, na halina ugonjwa wowote ndani yake. Okidi chui ina mizizi ya aina mbili. Ipo minene inayotambaa na kung'ang'ania gome la mti. Hiyo ndiyo inayoushika mmea usianguke na ndiyo inayokunywa maji. Halafu ipo myembamba, migumu, meupe, inayosimama wima kuzunguka mashina mpaka inafanana na tenga lililosukwa na mtu mwenye haraka.

Na kazi yake ni ya tenga kweli. Majani makavu, magome, vinyesi vya ndege, mabawa ya wadudu waliokufa, vyote vinaanguka kutoka juu na kunaswa humo. Vinaoza polepole, mvua inavichuja, na mmea unapata chakula chake bila kugusa ardhi. Ipo okidi nyingine kubwa ya Asia ya Kusini-Mashariki, Grammatophyllum speciosum, inayotumia ujanja huohuo.

Nimeshaona watu wakiikata mizizi hii kwa mkasi ili mmea "upendeze". Usiikate. Usiifukie pia ukidhani imepotea njia. Ukitaka kuisaidia, itupie majani makavu machache juu, basi. Kwenye chungu, tenga likijaa takataka zilizokwisha kuwa tope jeusi linaloshika maji, lipukute kwa mkono, maana chungu hakipati upepo kama tawi.

Mashina yamesinyaa, yana mikunjo

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu sababu mbili zinazopingana kabisa zinaleta sura moja. Shina la okidi hii ni ghala la maji na chakula. Likisinyaa, maana yake linatumia akiba kuliko linavyoingiza. Inawezekana humwagilii vya kutosha. Inawezekana vilevile unamwagilia kupita kiasi, mizizi imeoza, na mmea umekaa ndani ya maji huku unakufa kwa kiu.

Mimi niliangukia hilo la pili. Ilikuwa masika, nikaona mashina yananywea, nikaongeza maji. Yakanywea zaidi, nikaongeza tena. Nilipoutoa mmea kwenye chungu, mizizi ilibaki mkononi mwangu kama tambi zilizopikwa jana.

Usikisie. Utoe mmea nje uangalie mizizi. Mzizi mzima ni mgumu ukiubana, na umevikwa ngozi nene nyeupe inayofyonza maji kama sifongo. Ukiulowesha hugeuka kijani mbele ya macho yako. Mzizi mfu ni wa kahawia, una uwazi ndani, na ukiuvuta ngozi inachomoka yote ikaacha uzi mwembamba katikati.

Kama mizizi ni mizima, tatizo ni kiu. Tumbukiza chungu kizima kwenye ndoo ya maji kwa nusu saa, kitoe, kiache kichuruzike, rudia baada ya siku tatu au nne. Shina la zamani haliwezi kurudi kuwa nyororo kama zamani, kwa hiyo pima maendeleo kwa machipukizi mapya.

Kama mizizi imeoza, kata yote iliyokufa kwa kiwembe ulichokipitisha motoni. Mahali ulipokata kwenye shina pakishakauka, papake mdalasini wa unga, lakini usiunyunyize kwenye mizizi iliyo hai kwa sababu unaikausha. Ning'iniza mmea kivulini siku mbili tatu bila chochote. Watu wanaogopa hatua hii. Kumbuka kwamba mtini huwa inapitisha wiki nyingi za kiangazi bila tone. Kisha iweke juu ya vipande vikubwa vya mkaa na vigae, mashina yakiwa juu kabisa, na unyunyize kidogo asubuhi mpaka uone ncha mpya za mizizi. Mbolea isiikaribie kwa kipindi hicho chote.

Na kuna hali ya tatu, nyepesi: shina moja la nyuma, la zamani lisilo na majani, limekunjamana peke yake huku yale ya mbele yakistawi. Huyo ni mzee anayewalisha wajukuu. Mwache.

Majani yanageuka njano na kudondoka

Yakidondoka kutoka kwenye shina la zamani, moja moja, wakati wa ukavu, huo ni utaratibu wake. Jani la chini linatangulia, mengine yanafuata, shina linabaki tupu na bado linaishi.

Yakiwa mepesi ya kijani kilichopauka mmea mzima, huenda ni njaa, au umepigwa na jua kali zaidi ya unavyohitaji. Mbolea ya NPK ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, mara moja kila wiki mbili wakati chipukizi linakua, inatosha.

Linalotakiwa kukukimbiza ni chipukizi jipya kugeuka njano kuanzia chini na kung'oka kirahisi ukilivuta. Chipukizi changa lina umbo la faneli. Maji yakilala humo usiku kucha, kuoza kunaanza. Mwagilia asubuhi. Ikiwa limeshaoza likate mpaka ufikie nyama safi, kisha hamishia mmea panapopita upepo.

Ncha za majani zimeungua, ncha za mizizi ni nyeusi

Mtu wa pwani, shuku chumvi kabla ya kitu kingine. Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi ambayo mchicha unayavumilia na okidi haiyavumilii, kwa sababu huko mtini imezoea maji ya mvua, yasiyo na chumvi karibu hata kidogo. Angalia mkaa au vigae vya chungu: ukiona ukoko mweupe umeganda juu, jibu umelipata. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, na suuza chungu kwa maji hayo mengi hadi yachuruzike chini kwa dakika kadhaa.

Chanzo kingine kimejificha kwenye makumbi ya nazi. Makumbi ni mazuri, yanapitisha hewa, hayauzwi ghali. Ila yale yaliyofukiwa kwenye tope la bahari ili yalainike kwa ajili ya kusokota kamba yamekunywa chumvi miezi na miezi. Tumia makumbi makavu ambayo hayajafika baharini, na hata hayo yaloweke kwenye maji baridi siku tatu ukibadilisha maji kila siku, mpaka yaache kutoa rangi ya chai.

Madoa kwenye majani

Doa jeupe au la rangi ya mchanga, kavu, upande unaotazama jua: limeungua. Kwa kawaida ni mmea uliotolewa ndani ya nyumba ukawekwa juani siku ileile. Halitapona wala halitaenea.

Doa jeusi, lenye maji, linalonuka na kukua kila siku: bakteria. Kata sentimita mbili ndani ya sehemu nzima, choma ulichokata, na usimwagilie majani.

Vidoa vidogo vya kahawia vyenye ukingo wa njano, baada ya mvua za mfululizo: kuvu. Hewa itasaidia kuliko dawa, ingawa dawa ya shaba isiyozidi kipimo haidhuru.

Michirizi ya kijani na njano inayofuata urefu wa jani na kurudi hata kwenye majani mapya: shuku virusi. Havina tiba. Vinahamia mmea mwingine kwa kiwembe, na ndiyo sababu nasisitiza moto kati ya mmea na mmea. Tenga huo ulio mgonjwa mbali kabisa, au uuchome.

Wadudu

Pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata. Vijipele vya kahawia vilivyobandika visivyotembea ni wadudu gamba. Wote wanajificha chini ya maganda makavu yanayofunika shina, kwa hiyo yavue maganda hayo kwanza, la sivyo unapuliza juu ya paa la nyumba yao. Wapanguse kwa pamba yenye spiriti, kisha puliza maji ya sabuni ya mche yenye mafuta kidogo ya mwarobaini, jioni, rudia kila wiki kwa wiki nne kwa sababu mayai yanaendelea kuanguliwa.

Sisimizi wakipanda na kushuka kwa msururu, fuata mwisho wa msururu. Huwa wanafuga wadudu hao kwa ajili ya majimaji matamu wanayotoa. Lakini sisimizi wakitembea tu juu ya matumba ya maua, tulia: okidi nyingi hutoa utomvu mtamu nje ya matumba, na wao wamekuja kuulamba. Ila wakihamia ndani ya chungu na kuchimba, zamisha chungu kwenye ndoo uwafukuze.

Majani yenye vumbi la fedha upande wa chini wakati wa kiangazi ni utitiri. Maji ya nguvu kutoka kwenye mpira yanautoa. Ncha za mizizi zilizotafunwa usiku ni konokono; toka na tochi.

Niliinunua ikiwa na maua tele, baada ya miezi miwili imekufa

Samahani, lakini huenda ulinunua mmea uliokuwa umekwisha kufa. Okidi zinazouzwa kando ya barabara zikiwa na kipande cha gome bado kimegandia chini, mara nyingi zimebanduliwa mtini kwa panga. Mizizi iliyoshika gome imekatika karibu yote. Maua unayoyaona yanaishi kwa akiba ya mashina, na akiba ikiisha hakuna wa kuijaza.

Okidi chui imo kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kwa ajili ya uvunaji wa namna hii na kukatwa kwa miti inayoibeba, na okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata kumpelekea ndugu mmoja Oman au Uingereza kunahitaji vibali. Nunua mche uliogawanywa kutoka mmea wa bustani. Utautambua: mizizi yake imezunguka ndani ya chungu, haina gome la msituni, na mashina yake yana urefu unaopishana kwa mpangilio, mwaka hadi mwaka.

Kama tayari unayo ile ya barabarani, kata maua yote leo. Najua inauma. Kisha itunze kama ile iliyooza mizizi.

Ina afya, majani yanang'aa, ila haichanui

Swali ninaloulizwa kuliko yote. Jibu karibu kila mara ni mwanga.

Fikiria mbuyu. Sehemu kubwa ya mwaka hauna majani. Okidi iliyo kwenye panda yake inapata jua la kiangazi karibu lote, na mvua zinapoanza, mbuyu unachipua na kuifunika kidogo, wakati uleule inapokuza mashina mapya. Jua kali na ukavu, kisha kivuli chepesi na maji. Sasa wewe umeiweka barazani, chini ya bati, inapata mwanga uleule na maji yaleyale Januari hadi Desemba. Ianze kuchanua kwa ishara gani?

Soma rangi ya jani. Kijani kibichi kilichokolea, jani refu lililolegea: giza. Kijani cha kuelekea umanjano, jani gumu lililosimama: hapo ndipo. Isogeze kwenye jua hatua kwa hatua, saa moja zaidi kila wiki, ukianza na jua la asubuhi, usije ukaleta yale madoa ya kuungua. Mashina mapya yakishakomaa, punguza maji. Mara moja kwa wiki au hata kwa siku kumi, mashina yakinywea kidogo ni sawa.

Baada ya mwanga, angalia mbolea. Urea na samadi zinatoa majani tu. Halafu umri na utulivu: okidi chui inataka kuwa na fungu la mashina, na haipendi kusumbuliwa. Ukiigawa, tarajia mwaka mmoja au zaidi wa kununa. Yangu ilipasua chungu cha udongo kwa mizizi, na mwaka huohuo ikatoa mkono wa maua uliogawanyika matawi zaidi ya kumi. Sasa nasubiri chungu kipasuke ndipo nibadilishe.

Matumba yakitokea kisha yakadondoka kabla ya kufunguka, angalia kilichobadilika karibuni. Umeihamisha? Kaskazi imeipiga? Au umening'iniza mkungu wa ndizi uive kando yake? Ndizi zinazoiva hutoa hewa ya ethilini, na moshi wa kuni unayo pia. Zote mbili huangusha matumba. Ukoo mzima ulilaumu jicho la mgeni mmoja kwa jambo hili, kumbe ni ndizi.

Kuhusu maua yasiyo na madoa kama ya kwenye picha: hujadanganywa. Spishi ni moja, lakini yapo ya manjano matupu na yapo yenye madoa mazito mpaka yanakaribia weusi. Wataalamu wa zamani waliyapa majina tofauti, gigantea, nilotica, leo yote yamerudishwa kwenye jina moja.

Nilipanda mbegu, hakuna kilichoota

Mbegu zake ni vumbi. Kibumba kimoja kina maelfu kwa maelfu, na kila moja haina akiba ya chakula hata kidogo. Inapeperushwa, inaangukia gome, na isipokutana na kuvu wa kuilisha hapohapo, imekwisha. Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyegundua siri hiyo mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson akaonyesha kwamba unaweza kuziotesha bila kuvu, kwenye jeli yenye sukari ndani ya chupa iliyotakaswa. Nyumbani, bila maabara, gawa mmea: mashina matatu au manne kwa kila kipande, mvua zinapoanza, chipukizi likiwa ndiyo kwanza linatoa mizizi.

Ukifunga kipande mtini tumia katani au kitambaa cha kanga kuukuu, sio waya. Chagua gome lililokwaruza. Mpera na mkaratusi hubambua magome yao, na okidi yako itaanguka nayo.

Mwembe wangu unadhoofu, okidi inaunyonya?

Haiunyonyi. Mizizi yake imeshika gome kwa nje tu. Ukiingiza kisu kati yake na gome, inabanduka, na chini yake gome ni zima. Kimelea cha kweli kinaingia ndani ya tawi: pale kinapoungana na mti pamevimba kama goti, huwezi kukibandua bila kukata tawi, majani yake ni ya kichaka cha kawaida, na matunda yake madogo yananata ukiyaminya. Ndege huyala na kufutia midomo kwenye tawi jingine, mbegu inaganda hapo.

Kinachochanganya watu ni kwamba vyote viwili hupenda mwembe mmoja. Niliitwa mwaka jana na mzee mmoja aliyekuwa ameshaazima panga. Tukapanda ngazi. Kulikuwa na vimelea vitano upande wa mashariki, na tawi zima kuanzia hapo limekauka; okidi chui ilikuwa upande wa pili, ndani ya kivuli kizito, haijawahi kuchanua tangu aijue. Tukakata matawi yenye vimelea, sentimita thelathini chini ya kila goti. Jua likaingia upande ule kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Okidi sasa ina matumba, naye amemkataza mjukuu wake kuning'iniza ndizi humo.